Aliyeiona mali katika maji taka

Wahenga walinena kwamba ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Chungu atajwaye hapa ni yule mdudu mdogo, si chombo cha kupikia wala si ladha ya shubiri. Binadamu ameutafuna muwa, ameufyonza utamu wake na kulitupa ganda. Chungu apitaye siku ya pili hulikuta ganda hilo na kulihesabu kuwa mavuno. Methali hii hunijia akilini kila niyasomapo maisha ya Mwingereza mmoja wa karne ya 19 aliyeutazama uchafu wa miji ya kwao kwa jicho la chungu. Jina lake ni Edwin Chadwick.

Wanafunzi wa historia hukutana naye katika aya moja au mbili za vitabu vyao, anapotajwa kuwa ndiye aliyeishurutisha Uingereza iilinde afya ya umma kwa sheria. Hilo ni kweli. Lakini aya hizo aghalabu huiacha nusu ya pili ya fikira yake, ambayo ndiyo inayotuhusu zaidi leo: kwamba maji taka ya mji ni mali, na kwamba mali hiyo ikirudishwa shambani yaweza kulipia gharama ya kuusafisha mji wenyewe. Vilevile huacha kusimulia jinsi mtu huyo huyo, kwa kuitekeleza nusu ya kwanza ya mpango wake kabla ya nusu ya pili kuwa tayari, alivyoumwagia uchafu mto ambao maelfu ya watu walikuwa wakiyanywa maji yake.

Chadwick alizaliwa tarehe 24 Januari 1800 huko Longsight, karibu na Manchester, mji uliokuwa kitovu cha viwanda vya pamba. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti aliyependa mageuzi, na mwaka 1810 aliihamishia familia yake London. Kijana Edwin alisomea sheria, na ili ajikimu akawa akiandika makala magazetini. Alipata idhini ya uwakili mwaka 1830, lakini hakujijengea jina mahakamani. Makala zake zilikuwa zimekwisha kumfikisha kwa mwanafalsafa mzee Jeremy Bentham, ambaye alimfanya katibu wake. Bentham alifundisha kwamba sheria yoyote ipimwe kwa manufaa inayowaletea watu wengi iwezekanavyo. Alipofariki mwaka 1832 alimwachia kijana huyo urithi mdogo wa fedha, na urithi mkubwa zaidi wa fikira.

Mwaka huo huo Chadwick aliingia katika Tume ya Kifalme iliyochunguza sheria ya kuwasaidia maskini. Ripoti ya mwaka 1834, aliyoiandika pamoja na mwanauchumi Nassau Senior, ilizaa sheria mpya iliyowataka maskini wenye nguvu za kufanya kazi wasaidiwe ndani ya nyumba maalumu za serikali tu. Maisha humo yalikusudiwa yawe magumu kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili asiingie ila aliyeshindwa kabisa. Chadwick akawa katibu wa makamishna walioisimamia sheria hiyo. Alitarajia kuwa kamishna mwenyewe, na kwa kunyimwa cheo hicho aliweka kinyongo kwa miaka mingi. Maskini wa Uingereza, kwa upande wao, walimchukia kwa dhati, na hawakukosa sababu.

Kuna kisa kimoja cha nyumba hizo ambacho chafaa kukumbukwa na kila azungumziaye utajiri wa taka. Katika nyumba ya maskini ya Andover, wakazi walipewa kazi ya kuponda mifupa ya wanyama iwe mbolea ya kuuzwa. Mwaka 1845 ilifichuka kwamba watu hao, kwa njaa waliyokuwa nayo, walikuwa wakigombania mifupa ile na kuifyonza uboho uliobaki. Bunge lilichunguza, na kashfa hiyo ikawa miongoni mwa sababu za kuvunjwa kwa tume ya makamishna mwaka 1847. Chadwick alitoa ushahidi dhidi ya wakubwa wake; lakini sheria yenyewe ilikuwa na alama za mkono wake. Hapo mbolea ilipatikana, shamba likarutubika, na binadamu aliyeitengeneza akalala na njaa.

Ni katika kazi hiyo ya maskini ndipo Chadwick alipogundua jambo lililobadilisha mwelekeo wa maisha yake. Alipozifuatilia gharama, aliona kwamba watu wengi walikuwa wakiingia katika ufukara kwa sababu ya maradhi. Baba hupatwa na homa akafa, mjane na watoto wakawa mzigo wa umma. Kwa hiyo, alihoji, je, si rahisi zaidi kuizuia homa kuliko kuwalisha mayatima? Mwaka 1838 aliwatuma madaktari kuchunguza mitaa ya London, kisha akaupanua uchunguzi huo nchi nzima. Matokeo yake ni ripoti ya mwaka 1842 juu ya hali ya usafi wa wafanyakazi wa Uingereza. Makamishna walikataa kuitia sahihi kwa kuwaogopa wenye nguvu waliolaumiwa humo, kwa hiyo ilitoka kwa jina lake peke yake.

Takwimu zake ziliwashtua wasomaji. Katika mji wa Liverpool wastani wa umri wa kufariki kwa watu wa tabaka la juu ulikuwa miaka 35. Kwa vibarua ulikuwa miaka 15. Katika wilaya ya mashamba ya Rutland vibarua walifikia wastani wa miaka 38, yaani kibarua wa shamba aliishi zaidi ya bwana mkubwa wa Liverpool. Bila shaka vifo vya watoto wachanga ndivyo vilivyoishusha mizani kiasi hicho. Lakini watoto hao nao walikuwa watu. Chadwick alihitimisha kwamba mji wenyewe ndio uliokuwa ukiua, kwa maji machafu, mashimo ya vyoo yaliyofurika na njia zisizo na mifereji.

Hapa yafaa nieleze jinsi mambo yalivyokuwa kabla yake. Kinyesi cha London kilikusanyika katika mashimo chini ya nyumba au uani. Wazoaji walikuja usiku kukichota, wakakipakia katika mikokoteni na kuwauzia wakulima wa pembezoni mwa mji. Palikuwapo basi mzunguko: chakula kilitoka shambani kikaja mjini, na kilichosalia kikarudi shambani. Mji ulipopanuka, mashamba yalisogea mbali, na gharama ya kubeba mzigo ikaipita bei yake. Isitoshe, katika miaka ya 1840 meli zilianza kuleta kutoka Peru mbolea iitwayo guano, yaani kinyesi cha ndege wa baharini kilichokauka, ambayo ilikuwa kali na nyepesi kusafirishwa. Mzoaji wa usiku hakuweza kushindana nayo. Mashimo yakajaa bila wa kuyachota.

Chadwick alikuwa amesikia habari za mashamba ya Craigentinny, nje kidogo ya Edinburgh, ambako kijito kilichobeba uchafu wa mji kiligeuzwa kikanywesha malisho. Nyasi za huko zilikatwa mara kadhaa kwa mwaka, na ardhi iliyokuwa mchanga mtupu ikawa na kodi kubwa. Watu walilalamikia harufu, lakini ng'ombe wa maziwa wa Edinburgh walishiba. Aidha mkemia Mjerumani Justus von Liebig alikuwa amechapisha mwaka 1840 kitabu kilichoeleza kwamba mimea huchukua ardhini madini maalumu, na kwamba shamba lisiporudishiwa madini hayo hatimaye huchoka.

Kutokana na haya Chadwick aliubuni mpango mmoja uliounganisha yote. Maji safi yaletwe kwa mabomba hadi kila nyumba, yasikome usiku wala mchana. Maji hayo hayo yaubebe uchafu kupitia mabomba madogo ya udongo uliochomwa na kung'arishwa, yaliyopewa mteremko na umbo litakalofanya yajisafishe yenyewe. Kisha pampu za mvuke ziyasukume maji taka hadi mashambani, na wakulima wayalipie. Aliufananisha mji na mwili: mishipa inayoleta damu na mishipa inayoirudisha, na mzunguko usiokatika. Fedha za wakulima zingepunguza kodi ya wakazi, na mto ungebaki safi. Katikati ya miaka ya 1840 alijaribu hata kuanzisha kampuni ya kuutekeleza mpango huu kibiashara, lakini wenye mitaji walivutiwa zaidi na reli, na kampuni ikafa changa.

Nikiwa mtu wa lugha, siwezi kuipita ripoti hii bila kugusia ujasiri wake wa maneno. Kila jamii ina tasfida zake. Sisi husema mtu amekwenda msalani, au amekwenda haja, na ni adabu njema. Lakini tasfida ikishavuka mlango wa nyumba na kuingia katika ofisi ya mipango, huwa pazia la kufichia wajibu. Kisichotajwa hakipimwi, na kisichopimwa hakitengewi fedha. Chadwick alikitaja kinyesi katika waraka wa serikali uliowekwa mbele ya mabwana wa Bunge, akakipima, akakipigia hesabu ya faida. Na tazama ajabu ya Kiswahili chetu: neno taka lenye maana ya uchafu lalingana kwa sauti na kitenzi taka chenye maana ya kutamani. Asili za maneno hayo na ziachiwe wataalamu wa kamusi, lakini mwanafunzi akiyasoma maneno maji taka huku akiwaza kivuno cha chungu, atakuwa amekaribia kabisa fikira ya Chadwick.

Mwaka 1848 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Umma na kuunda Bodi Kuu ya Afya, na Chadwick akawa mmoja wa wajumbe wake. Wakati huo huo alikuwa na usemi mkubwa katika tume mpya ya mifereji ya London. Hapo ndipo msiba ulipoingia. Chadwick, kama wasomi wengi wa zama zake, aliamini kwamba maradhi huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Kwa imani hiyo kila shimo la choo lilikuwa sumu, na kuliondoa lilikuwa jambo la dharura. Mashimo yakaamrishwa yaunganishwe na mifereji, na mifereji ikasafishwa kwa nguvu ya maji. Lakini pampu za kuyapeleka maji taka shambani hazikuwapo. Mabomba ya kwenda kwa wakulima hayakuwapo. Wakulima wenyewe walikuwa hawajakubaliana na mtu. Kulikuwa na njia moja tu iliyo wazi, nayo ni Mto Thames, na kampuni za maji zilikuwa zikichota humo humo maji ya kuwauzia watu.

Kipindupindu kiliingia nchini mwishoni mwa mwaka 1848. Hadi kilipokoma mwaka uliofuata kilikuwa kimewaua watu wapatao 14,000 katika London peke yake. Haitakuwa haki kumbebesha mtu mmoja vifo hivyo vyote, kwa maana mto ulikwisha kuchafuka kabla yake. Lakini kazi ya tume yake iliongeza uchafu ndani ya maji ya kunywa wakati mbaya kuliko wakati wowote. Mwaka 1849 daktari John Snow alichapisha hoja kwamba kipindupindu huenea kwa maji yaliyochafuliwa, na mwaka 1854 aliithibitisha kwa kulinganisha nyumba zilizopata maji kutoka sehemu mbalimbali za mto. Wenye mamlaka ya afya hawakuishawishika. Chadwick aliyeamini takwimu kuliko kitu chochote alizikataa takwimu zilizoipinga harufu.

Kuanguka kwake hakukuchelewa. Mwaka 1849 aliondolewa katika tume ya mifereji, na mwaka 1854 Bunge lilimtoa katika Bodi Kuu ya Afya kwa malipo ya uzeeni ya pauni 1,000 kwa mwaka. Alikuwa na umri wa miaka 54. Aliwaudhi wahandisi kwa ubishi, madaktari kwa dharau, kampuni za maji kwa vitisho, na mabaraza ya miji kwa kutaka kuyaamuru kutoka London. Mtu aliyejua kuunganisha mabomba hakujua kuunganisha watu.

Kiangazi cha mwaka 1858 harufu ya Mto Thames ilifika hata ndani ya ukumbi wa Bunge, na wabunge wakatoa fedha upesi kuliko walivyowahi kutoa. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikubwa ya matofali iliyoyakusanya maji taka na kuyamwaga mtoni mashariki ya mji, maji yanapokupwa. Kipindupindu kikatoweka London. Mzunguko wa Chadwick, hata hivyo, ulikatwa: mvua na kinyesi vilichanganywa katika mfereji mmoja, rutuba ikazimuliwa hadi ikakosa bei, na yote yakaenda baharini. Baadaye, tangu mwaka 1887, tope la maji taka ya London lilipakiwa melini na kutupwa baharini, na desturi hiyo iliendelea hadi mwaka 1998.

Chadwick aliishi zaidi ya miaka 35 baada ya kuondolewa kazini. Aliandika, alihutubia, aligombea kiti cha Bunge akashindwa, na hakuchoka kuwaeleza watu kwamba miji inatupa fedha mtoni. Mwaka 1889 alitunukiwa cheo cha Sir, na tarehe 6 Julai 1890 akafariki huko East Sheen, kando ya London, akiwa na umri wa miaka 90.

Waama, muda umemhukumu kwa namna mbili. Kuhusu mali iliyomo katika maji taka, alikuwa na haki kuliko alivyojua. Mwaka 1895, miaka mitano tu baada ya kifo chake, Donald Cameron wa mji wa Exeter alijenga tangi lililofungwa la kusafishia maji taka, na gesi iliyotoka humo ikawasha taa. Siri yake ni vijidudu wanaoishi pasipo hewa: huzila takataka na kutoa gesi ambayo kadiri ya asilimia 60 yake ni methani, ambayo huwaka kama gesi ya jikoni. Katika kituo cha Davyhulme, huko huko Manchester alikozaliwa Chadwick, gesi itokayo katika tope la maji taka huzalisha umeme. Fosforasi nayo, ambayo wakulima huipata kutoka katika miamba michache duniani, huweza kuvunwa kutoka katika maji taka ikiwa chembechembe ngumu na kuuzwa kama mbolea. Kuhusu utaratibu wa utekelezaji, hukumu ni kinyume: alifungua ncha moja ya bomba kabla ya kuijenga ncha ya pili.

Kenya ni mrithi wa historia hii. Sheria yetu ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 ilitungwa katika mapokeo ya sheria za Kiingereza yaliyoanzia mwaka 1848, na mifereji yetu ilirithi mazoea ya kuuondoa uchafu machoni bila kuuliza unakokwenda. Nairobi imetegemea kwa miaka mingi mabwawa ya wazi ya Dandora, huko Ruai, na katika mabwawa ya namna hiyo methani hupaa hewani bure na kuongeza joto la dunia. Wakati huo huo baadhi ya wakulima wa pembezoni mwa mji wamekuwa wakinyunyizia mboga maji taka ambayo hayajasafishwa. Wakulima hao si wajinga. Wameiona mali ile ile aliyoiona Chadwick. Walichokosa ni tangi la kuua mayai ya minyoo na vijidudu vya maradhi kabla rutuba haijafika kwenye sukumawiki. Pia hatuanzi na mikono mitupu: huko Kibera vimejengwa vyoo vya umma ambavyo gesi yake hupikia, na huko Naivasha kinyesi kimefanywa makaa ya kuni. Tena joto la nchi yetu ni neema, maana vijidudu watengenezao gesi hupenda joto, ilhali wenzetu wa Ulaya hulazimika kuyapasha moto matangi yao.

Wako watakaosema kwamba serikali za kaunti hazina fedha hata za mifereji ya kawaida, seuze matangi ya gesi. Hoja hiyo ina uzito, na Chadwick mwenyewe aliahidi faida kubwa kuliko ilivyowezekana. Maji taka hayatamtajirisha mtu, na kaunti itakayojenga kwa tamaa ya faida tu itawageuza wazoaji wake kuwa waponda mifupa wa Andover. Lakini kituo cha kisasa cha kusafisha maji taka kwa kuyapuliza hewa hutumia kiasi cha nusu ya umeme wake katika kupuliza huko tu. Kituo kinachojizalishia sehemu ya umeme huo kina nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kufanya kazi bajeti ikipungua, na kituo kinachofanya kazi ndicho kinachookoa watoto.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu wa historia, jiografia na sayansi wanaweza kuwainamisha wanafunzi wao kwa swali moja la mazoezi: wafuate bomba la maji taka la shule yao, kwa miguu au kwa ramani, hadi mwisho wake. Waandike linaishia wapi, ni nani anayechota maji hapo, na ni shamba gani lililo karibu. Majibu yao wayapeleke kwa mwakilishi wa wadi kabla ya bajeti ijayo kusomwa.